Vitabu vya Kutia Begini: vya Kuzungukia Ulaya na vya Kuelewea Muziki



Kila ukifika mwezi wa tano, mitihani ikianza kunukia, napata maswali mawili yale yale jikoni kwenye bweni letu. La kwanza: "Kaka, nataka kuzunguka Ulaya na begi mgongoni kabla sijarudi nyumbani, nisome kitabu gani?" La pili linatoka kwa watu wa kwaya na wale waliojinunulia gitaa: "Kuna kitabu cha nadharia ya muziki ambacho mtu wa kawaida anaweza kukisoma bila kusinzia?" Mimi nasomea uhandisi, si utalii wala muziki. Lakini vitabu vya aina zote mbili nimevinunua, nimeviazima, na kimoja kimenitia matatani, ndiyo maana wenzangu wa jumuiya wameniomba niandike. Nimeamua kuyajibu maswali yote mawili pamoja. Sababu yake ni kisa kimoja, na heri nianze nacho.

KILICHONIPATA MPAKANI

Kiangazi cha 2023 nilikuwa Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki, na tiketi ya basi la kwenda Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Nilichokuwa nakifuata huko ni muziki. Vitabu vya nadharia vya Ulaya hufundisha kwamba sauti mbili zinazopakana, yaani do na re zikiimbwa kwa pamoja, zinakwaruzana, na kwamba sikio linasubiri zitulizwe. Halafu nikasikia kwamba akina mama wa vijiji vya kuzunguka Sofia huimba hivyo hivyo kwa makusudi, na kwao huo ndio utamu wenyewe. Nikasema lazima niwasikie.

Kitabu changu cha wasafiri, ambacho sitakitaja jina, kiliandika kwamba kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Umoja wa Ulaya, safari hiyo ni ya kupanda basi na kuonyesha paspoti tu. Nikaamini. Tulipofika mpakani Promachonas, afisa wa Ugiriki akafungua paspoti yangu, akaitazama viza, akaniuliza kama nina mpango wa kurudi. Nikamwambia ndiyo, ndege yangu inaondokea Athens. Akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba viza ni ya kuingia mara moja. Bulgaria ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya tangu 2007, lakini mwaka ule haikuwa ndani ya Schengen. Nikitoka Ugiriki nimetoka, kurudi hakuna. Na Wabulgaria nao wasingenipokea, maana walikubali viza za Schengen za kuingia mara mbili au zaidi.

Nikashuka na begi langu. Wenzangu ndani ya basi, wengi wao wanafunzi kama mimi, wakaendelea na safari yao. Nikasubiri kwenye jua karibu saa tatu kupata usafiri wa kurudi. Nauli ikapotea, na kitanda cha hosteli nilichokwisha kulipia Sofia kikapotea. Kwa mtu anayebeba boksi wikiendi ili apate hela ya safari, si mchezo. Kilichoniuma zaidi ni ile aibu ya kushushwa mbele ya watu kana kwamba nimeiba.

Yule afisa hakukosea, na mimi ningeweza kuisoma viza yangu mwenyewe. Lakini nilipokaa pale kwenye ukuta ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii: kila mwandishi ana msomaji wake kichwani, na mara nyingi msomaji huyo si wewe. Mwandishi wa vitabu vya safari anamwandikia mtu mwenye paspoti isiyoulizwa maswali. Mwandishi wa vitabu vya muziki anamwandikia mtu aliyekulia karibu na piano. Vitabu vyao vizuri, visome, ila ujue kila kimoja kinaishia wapi.

VITABU VYA SAFARI

Ukiniuliza kitabu kimoja cha kuanzia, nitakwambia Europe by Rail cha Nicky Gardner na Susanne Kries. Kimepangwa kwa njia za treni badala ya nchi: unatoka mji huu, unapita bonde hili, unashuka pale, unaendelea. Ukikisoma unaelewa Ulaya imeunganikaje, jambo ambalo ramani ya simu haikupi, maana simu inakuonyesha safari moja tu uliyoiuliza.

Cha pili ni Europe Through the Back Door cha Rick Steves, Mmarekani. Kilitoka mara ya kwanza 1980 na kimekuwa kikirekebishwa. Hiki si cha kukueleza kila mji una nini. Kinakufundisha namna ya kusafiri: begi moja dogo, nguo chache za kufua usiku, kula sokoni, kuwakimbia wezi wa mifukoni. Kinachonifurahisha ni kwamba Steves alikuwa mwalimu wa piano kabla ya kazi hii. Safari yake ya kwanza Ulaya, mwaka 1969 akiwa na miaka 14, alifuatana na wazazi wake kwenda kuona viwanda vya piano. Kwa hiyo si mimi wa kwanza kuchanganya mambo haya mawili. Ushauri wake mmoja utawakera wapenda vitabu: chana kitabu, beba sura za miji unayokwenda tu. Mimi napiga picha kurasa na kukiacha kitabu nyumbani.

Cha tatu si cha kukuelekeza njia, lakini ndicho ningekununulia kama zawadi: Afropean cha Johny Pitts, kilichotoka 2019. Pitts ni Mwingereza mweusi wa Sheffield. Alizunguka na begi lake Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Stockholm, Moscow, Marseille na Lisbon, akiwatafuta watu weusi wanaoishi huko: wafagiaji, wanafunzi, wenye migahawa, watoto waliozaliwa huko huko. Alikwenda hadi chuo cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba, ambako Waafrika wengi walisoma zama za Usovieti. Vitabu vingine vitakupeleka mnarani. Hiki kitakuonyesha nani anaamka alfajiri kuufagia mji wenye mnara. Kukisoma kabla ya safari kunasaidia kichwa, maana ukitazamwa vibaya kwenye treni unajua mapema kwamba hukulianza wewe.

Mwenye kupenda masimulizi ya zamani atafute A Time of Gifts cha Patrick Leigh Fermor. Kijana wa miaka 18 alitoka Uholanzi Desemba 1933 akitembea kwa miguu kuelekea Istanbul, akaja kuiandika safari hiyo akiwa mzee, 1977. Kiingereza chake ni kizito, usikisome ukiwa na usingizi.

Vitabu vya miji na hosteli vya zamani utavikuta tele kwenye maduka ya mitumba ya hisani, kama yale ya Oxfam. Historia na ramani za katikati ya mji zitakufaa hata kama kitabu kina miaka kumi. Bei, ratiba na habari za mipaka usiziamini kabisa.

YALE AMBAYO VITABU HAVIKUAMBII

Sasa tujaze yale mapengo. Nayaandika kwa ajili yetu sisi wenye paspoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunaosoma Uingereza.

Kwanza, viza yako ya mwanafunzi ya Uingereza haikuingizi Schengen. Unaomba viza nyingine. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, kwa nchi utakayoingilia. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Usingoje mitihani iishe, kwa sababu nafasi za miadi za kiangazi huisha mapema mno.

Pili, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja na ueleze kwa nini, ukionyesha njia utakayopita. Ukishapewa, isome pale pale dirishani kabla ya kuondoka: idadi ya kuingia, tarehe, na idadi ya siku. Kanuni ya jumla ni siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini viza yako inaweza kuwa na siku 12 tu. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha kwenye kompyuta ili kuchukua nafasi ya mihuri. Siku sasa zinahesabiwa na mashine, na mashine haina huruma.

Tatu, Umoja wa Ulaya na Schengen ni vitu viwili. Uswisi na Norway hazimo kwenye Umoja lakini zimo Schengen. Ireland imo kwenye Umoja lakini haimo Schengen. Kroatia iliingia Schengen Januari 2023. Bulgaria na Romania ziliondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu Januari 2025. Kwa hiyo kitabu kilichochapwa 2022 kitakudanganya bila nia mbaya. Serbia, Bosnia, Montenegro na Albania bado ziko nje, na mabasi ya bei poa hupita huko. Kabla ya kununua tiketi tazama njia yote, usitazame mwanzo na mwisho peke yake.

Nne, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni sharti la viza. Paspoti nayo iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen.

Tano, tiketi ya Interrail inauzwa kwa wakazi wa Ulaya, siyo kwa raia peke yao, na mkazi wa Uingereza anahesabiwa. Sisi tunaosoma huku tunaruhusiwa, ilimradi tuwe na uthibitisho wa makazi. Bei ya vijana ni hadi miaka 27. Mimi wa miaka 30 nalipa ya watu wazima, nyie wadogo zangu msiichezee nafasi hiyo. Kumbuka pia kwamba treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania, pamoja na zile za usiku, hutaka ulipie kiti juu ya tiketi hiyo. Ujerumani na Austria treni nyingi za mchana hazitaki.

VITABU VYA MUZIKI

Hapa wengi wetu tuna mtaji kuliko tunavyodhani. Aliyeimba kwaya kwa solfa, ile d r m f s l t iliyoandikwa ubaoni, tayari anajua nadharia. Kilichobaki ni kuelezwa kwa nini mambo yako vile.

Anza na How Music Works cha John Powell, cha 2010. Angalia jina la mwandishi, kwa sababu David Byrne naye ana kitabu cha jina hilo hilo cha 2012, kizuri ila kinazungumzia zaidi maisha ya mwanamuziki, studio na biashara. Powell ni mwanafizikia, anaeleza kwa mizaha na bila nota nyingi. Nilikimaliza kwenye treni kwa siku mbili.

Ukitaka kujifunza kusoma nota hasa, chukua Introducing Music cha Ottó Károlyi, kilichotoka 1965. Ni chembamba, kinaingia mfuko wa koti, na kwenye mitumba utakipata kwa bei ya kikombe cha kahawa. Anayejiandaa na mtihani wa muziki achukue The AB Guide to Music Theory cha Eric Taylor. Hicho ni cha mezani, si cha begini.

Kitabu kilichonikosesha usingizi ni cha Ross Duffin, cha 2007, How Equal Temperament Ruined Harmony. Hoja yake inaeleweka kwa hesabu za sekondari. Uzi ukitetema mara 440 kwa sekunde, ukaukata nusu, unatetema mara 880: hiyo ndiyo sauti ile ile ya juu, do mpaka do. Kutoka do mpaka so, sikio linapenda uwiano wa 3 kwa 2. Sasa panda kwa hatua hizo za 3 kwa 2 mara kumi na mbili, na kwa kawaida ya kinanda unatakiwa kuangukia do tena, do saba juu. Piga hesabu: moja na nusu ikizidishwa yenyewe mara 12 ni 129.7, na mbili ikizidishwa yenyewe mara 7 ni 128. Hazikutani. Zinapishana karibu robo ya nusu-toni, na mwimbaji mzuri anaisikia.

Fundi wa kinanda afanye nini na hicho kilichozidi? Suluhisho lililokuja kutawala ni kugawa do mpaka do vipande 12 vilivyo sawa, kila hatua ikizidisha mitetemo kwa 1.0595. Matokeo yake, so inakosewa kidogo tu, lakini mi inakosewa zaidi: uwiano wake safi ni 1.25, kinanda kinakupa 1.26. Ndiyo maana kwaya iliyozoea kuimba bila kinanda, siku kinanda kikiletwa, mwalimu anasema waimbaji wamepotea. Huenda waimbaji ndio waliokuwa sahihi. Kwa mhandisi hili ni somo la kawaida kabisa: kosa haliondoki, linagawanywa tu ili lisionekane mahali pamoja.

Na hapa ndipo kitabu cha muziki kinapofika mpakani kwake. Vile vipande 12 vinafundishwa kana kwamba ndio muziki wenyewe. Taarabu ya asili inakataa: kwenye kanuni, udi na fidla zipo sauti zilizo katikati ya vibonyezo vya kinanda, zinazotoka kwenye maqamu za Kiarabu. Wagogo wa Dodoma nao wanakataa. Ilimba na uimbaji wao hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema, na mojawapo haimo kabisa kwenye piano. Msikilizeni Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, mtaielewa hesabu hii bila kalamu.

Kwa hiyo baada ya Powell soma The Music of Africa cha J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, cha 1974. Ndicho kitabu kinachosomeka kuliko vyote juu ya muziki wetu, kuanzia ngoma na midundo inayopishana hadi nafasi ya muziki katika maisha ya watu. Anayetaka kuzama aende maktaba akaombe Theory of African Music cha Gerhard Kubik. Ni majuzuu mawili mazito, usijaribu kuyabeba.

KUUNGANISHA SAFARI NA MUZIKI

Ukishasoma, zipo sehemu za kupitia. Leipzig kuna kanisa la Thomas, ambako Bach alikuwa mwalimu wa kwaya kuanzia 1723 hadi kifo chake 1750. Vienna, jumba la opera la taifa huuza tiketi za kusimama kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Brussels kuna makumbusho ya ala za muziki katikati ya mji. Tramu namba 44 ya mji huo inakupeleka Tervuren, kwenye makumbusho makubwa ya Afrika ya Kati yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 na yenye ala nyingi zilizotoka Kongo. Ndugu zetu wa Kongo nawaonya, ukiingia pale furaha na hasira vinakuja pamoja. Berlin ipo hazina ya sauti iliyoanzishwa 1900, yenye mitungi ya nta iliyorekodiwa sehemu nyingi za dunia, zikiwemo nyimbo za Tanganyika ya enzi za Wajerumani.

Na Sofia? Nilirudi kiangazi cha 2025, safari hii na viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Basi lilipita Promachonas bila mtu kushushwa. Nikafika hadi Bistritsa, kijiji cha pembeni ya Sofia ambacho uimbaji wa akina mama wake umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Kundi moja linashika sauti moja bila kuiachia, jingine linapita juu yake kwa karibu mno. Sauti hizo mbili zikigusana hewa inatetemeka kama kengele imegongwa. Hayo ndiyo yaliyoitwa mkwaruzo kwenye kitabu. Nilisimama pale nikatamani yule mwandishi angekuwa pembeni yangu. Na yule wa kitabu cha safari pia.

Neno la mwisho. Mnaodhani kuzunguka na kuandika ni mambo ya wazungu, ulizeni maktaba ya chuo kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani 1901 na Carl Velten. Humo Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anasimulia kwa Kiswahili safari yake ya 1896 akiwa na bwana wake Mjerumani, hadi Urusi na Siberia. Huyo alimwandikia msomaji anayejua Kiswahili, yaani wewe. Ukirudi salama, nawe tuandikie: viza ulipata siku ngapi, mpaka gani unasumbua, kwaya gani inafaa kusikilizwa. Toleo lijalo lina nafasi.

Nawatakia mitihani mema na safari njema.